Mtoto wa Kwenye Kaseti

Kambi ya wafanyakazi, Nauru
12 Machi 1978

Kwako dada Sepola,

Tumefika salama, ingawa melini nilitapika mpaka nikaomba nitupwe baharini, na huyu mume wangu Apinelu akanicheka safari nzima. Hapa ni vumbi jeupe tupu. Ameshaanza kazi machimboni, na jioni anarudi nyusi nyeupe utadhani babu yake. Tumepewa chumba kimoja na jiko la nje, tunalitumia pamoja na mama mmoja wa Kiribati mwenye mdomo kunishinda mimi, kwa hiyo pima mwenyewe.

Sasa niambie habari za mwanangu Fetu. Anakula? Analala? Ananiulizia? Najua uliniomba nikuachie kwa nia njema. Na siku ile ufukweni, ulipomshika mkono ukaniomba mbele ya watu wote, mashua ikiwa inangoja, nikakubali. Nani anamkatalia dada yake mkubwa mbele ya watu? Lakini tuelewane, dada: ni mpaka tupate nyumba ya vyumba viwili. Wanasema mwaka mmoja. Basi ni mwaka mmoja.

Nina ombi moja tu. Kila jioni, tukishasali na kula, sisi watatu tulikuwa tunakaa mkekani. Apinelu anapiga debe la biskuti, mimi napiga mkeka kwa viganja, Fetu yuko katikati na ndiye mwenye wimbo. Tunaanza polepole kama ngoma yoyote ya fatele, tunarudia, tunaongeza kasi na sauti, na akishaona tumekolea anapaza sauti, "Basi!" Hapo mikono yote isimame. Atakayechelewa anapakwa masizi ya sufuria puani. Apinelu huchelewa makusudi. Wimbo wenyewe ni upuuzi mtupu, habari za kaa aliyeiba kiatu cha mchungaji, tumeutunga wenyewe. Usikubali ausahau. Jioni ya mwisho tuliurekodi kwa redio ya mwalimu, na kaseti nimeiweka kwenye kapu lake chini ya nguo. Humo utamsikia anavyocheka, huyo mtoto ana miaka minne lakini anacheka kama mama mzima.

Mpakeni masizi kidogo, msimwonee.

Mdogo wako,
Meleane, mama yake Fetu


Nanumaga
20 Mei 1978

Meleane,

Barua yako imefika na meli ya juzi. Nimeisoma, mume wangu Simeona naye ameisoma, akauliza kama umemwachia dada yako mtoto au umeajiri yaya. Nikamwambia ndivyo ulivyo, tangu udogo wewe ni wa kuagiza.

Fetu alilia siku tatu. Siku ya nne nilimwambia mtu hawezi kulia na kula kwa wakati mmoja, achague. Akachagua kula. Hakuulizii. Nakwambia kwa sababu umeuliza, nisingependa baadaye useme nilikuficha.

Kuhusu hilo debe. Hii ni nyumba ya shemasi. Hapa mtoto akishasali analala. Tena sanduku la fatele hupigwa na wanaume, na hata wao hupiga penye shughuli, katika ukumbi wa maneapa, si jikoni na mtoto wa kike. Na huo wimbo wa kaa, mchungaji mwenyewe huja kula kwetu kila Alhamisi. Fetu aliuimba mbele yake, mstari kwa mstari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na kuna jambo umelisahau, au hukulisahau. Unaniomba mimi niimbe na mtoto. Mimi. Nyumbani kwetu wewe ulikaa mbele ukaanzisha wimbo, mama amekupakata, na mimi niliambiwa, Sepola, piga makofi tu, usifungue mdomo utatuharibia. Watu walicheka, na wewe ulicheka. Ulikuwa na miaka mitano lakini ulicheka. Tangu hapo nimeufunga. Usiniagize leo niufungue.

Kaseti nimeiona. Hatuna redio.

Dada yako,
Sepola


Nauru
2 Julai 1978

Dada yangu,

Umenichapa, na nimestahili. Mimi sikumbuki kucheka, lakini ukisema nilicheka basi nilicheka, maana nilikuwa mtoto mpumbavu aliyedekezwa. Nisamehe. Naandika machozi yananitoka, na huyu mama wa Kiribati anachungulia dirishani apate habari za kupeleka bombani.

Nimemsihi Apinelu tukanunua redio ya kaseti. Anakuja nayo jirani yenu Puapua anayerudi likizo, atakukabidhi mkononi pamoja na betri kumi na mbili. Ndani mna kaseti mpya. Mimi na Apinelu tunaimba, na kila baada ya mstari tumeacha nafasi kimya ili Fetu ajaze sehemu yake. Nikiisikiliza mwenyewe, zile nafasi zinaniuma. Sikuombi uimbe, dada. Mbonyezee kitufe, halafu nenda kaendelee na shughuli zako.

Na kuna habari njema: jina letu limepanda kwenye orodha ya nyumba. Huenda Krismasi nikaja kumchukua mwenyewe. Mwambie Mama anakuja. Tarehe usimwambie, ataanza kuhesabu na hajui kuhesabu.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Meleane, mama yake Fetu


Nauru
3 Agosti 1978

Mwanyumba Simeona,

Karatasi ya mahakama ya ardhi imenifikia. Nimetia sahihi pale ulipoweka alama, na tarehe nimeandika.

Nakwambia haya kati yetu wanaume. Kwetu tumezaliwa wavulana sita, na mashimo ya kulimia magimbi ya pulaka aliyoacha marehemu baba ni mawili. Mimi ndiye wa sita. Nikimrudisha Fetu kwangu nitampa nini, vumbi la Nauru? Ninyi hamna mtoto, mna mashimo manne, na minazi yenu inafika mpaka upande wa ziwa. Akiwa wenu kwa karatasi, vyote hivyo ni vyake na hakuna wa kumfukuza. Nimeona hivyo ndivyo baba anavyopaswa kufanya, ingawa sijisikii vizuri.

Meleane sijamwambia. Ameshaanza kushona gauni la safari ya Krismasi. Jioni ananilazimisha nipige debe, sisi wawili tu, yeye anaimba sehemu yake na ya mtoto pia. Nikikosea anadhani nimechoka na kazi. Nitamwambia mwenyewe nikipata wakati mzuri. Tafadhali mzuie shemeji Sepola asitangulie, unamjua alivyo.

Mwanyumba wako,
Apinelu


Nanumaga
14 Oktoba 1978

Meleane,

Redio imefika. Simeona anasikilizia habari na ibada. Kaseti yako nilimwekea Fetu mara moja. Alikaa anaitazama redio, na mlipofika penye kimya akanigeukia akauliza, "Mbona wamenyamaza? Wamenikasirikia?" Nikaizima.

Sasa la maana. Jumamosi iliyopita tumefanya karamu, nguruwe watatu, ukoo wote, na mchungaji akaomba. Fetu ni mtoto wetu, kwa desturi na kwa mahakama ya ardhi, na shimo kubwa la pulaka la Simeona limeandikwa jina lake. Usije ukaniandikia kwamba nimeiba. Nilimwomba mbele ya watu, ukanipa mbele ya watu. Huo mwaka wako mmoja ulikuwa kichwani mwako, hukuutamka. Waliokuwepo ufukweni wameulizwa na mahakama mmoja mmoja, na hakuna aliyeusikia.

Utauliza sahihi ya baba. Ipo, ilikuja na meli ya Agosti. Simeona aliniomba ninyamaze mpaka mumeo akwambie mwenyewe. Nimengoja majuma mengi, na nimechoka kungoja wanaume. Muulize leo, akiwa anakula, umtazame usoni.

Lile gauni la safari unaweza kulivaa kanisani.

Sepola, mama yake Fetu


Nauru
2 Desemba 1978

Sepola,

Nilimuuliza akiwa anakula. Aliweka kijiko chini akaanza kunihesabia mashimo ya pulaka. Nilichukua lile debe la biskuti nikalikanyaga mpaka likawa bapa, na tangu siku hiyo analala barazani na hatusemezani.

Nirudishie mwanangu. Sikuzaa shimo la pulaka, nilizaa mtoto. Ulijua mashua inangoja, ulijua siwezi kukukatalia mbele ya watu, na ndiyo maana ulichagua saa ile. Ungetaka kuniomba kwa haki ungeniomba jikoni, tukiwa wawili, na ningekwambia hapana.

Na kwa kuwa unapenda kuniambia ukweli, chukua na wangu. Mungu alikunyima sauti, akakunyima na uzazi, na vyote viwili umekuja kuvichukua kwangu. Utamlisha Fetu, utamvisha, utamwandikia ardhi mpaka iishe kisiwani. Lakini siku atakapotaka kuimbiwa itakubidi ufungue huo mdomo wako, naye atakucheka kama tulivyokucheka sisi. Ndiyo, nakumbuka. Nakumbuka vizuri sana. Ulikuwa kichekesho.

Meleane, mama yake Fetu. Mimi ndiye mama yake.


Nanumaga
18 Februari 1979

Meleane,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Nilikuwa nimepanga kwamba Fetu akikua nimwambie alitoka tumbo gani, kama wanavyoambiwa watoto wote walioombwa hapa kwetu. Hakuna hata mmoja asiyejua. Wangu hatajua. Atajua ana mama mdogo yuko Nauru, basi. Nimeshapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu, na hakuna atakayethubutu kunipinga, kwa sababu wanamheshimu Simeona na wananiogopa mimi. Mtoto naye umri wake ni wa kusahau. Ameshaanza.

Nyumbani mwangu hakuna barua nyingine itakayotoka kuja kwako.

Ulisema nikifungua mdomo atanicheka. Tutaona.

Sepola


Nauru
9 Novemba 1979

Dada,

Hii ni barua ya sita, na hujajibu hata moja. Puapua amerudi hapa kazini, nikamuuliza habari za Fetu, akaanza kunieleza bei ya kopra. Nilimshika shati nikamwambia sema. Akasema anakua, ana afya, ana meno mapya mbele, na zaidi ya hapo nisimtie matatani na mke wa shemasi.

Yale niliyoandika niliyaandika kwa hasira. Sikusema uongo kwamba nakumbuka, lakini sikupaswa kukwambia. Nipige kwa lolote lingine unalotaka. Nimemtumia Fetu gauni la njano. Niandikie mstari mmoja tu kwamba limemtosha.

Meleane


Nauru
4 Mei 1981

Dada Sepola,

Mkataba wa Apinelu unaisha Novemba, na Desemba tutakuwa Nanumaga. Nimeshapatana naye, maana nilichoka kupika sufuria mbili. Ameapa atasimama mbele ya mahakama ya ardhi aseme alitia sahihi bila mimi kujua.

Nami sitakuja kugombana. Nikishuka tu kwenye mashua, kabla hata sijalowana miguu, nitakuomba Fetu mbele ya watu wale wale, kwa sauti, na safari hii kila neno nitalitamka. Uliniomba sikukunyima. Tuone kama wewe utaweza kuninyima, na shemasi amesimama pembeni, na kisiwa kizima kinasikiliza. Miaka mitatu nimeupanga wimbo huu, dada, na naujua wote.

Mdogo wako,
Meleane, mama yake Fetu


Shule ya msingi, Nanumaga
16 Agosti 1981

Kwa Mama mdogo Meleane,

Shikamoo. Mimi ni Fetu, niko darasa la pili. Mwalimu ametuambia kila mtu amwandikie ndugu yake aliye mbali. Wengine wameandika kwa mabaharia. Mimi nimekuchagua wewe kwa sababu Mama amesema mnakuja Desemba na baba mdogo.

Asante kwa gauni la njano. Lilikuwa dogo, tukampa mtoto wa jirani.

Sisi hatujambo. Jioni tunacheza mchezo wetu. Baba anapiga debe, Mama anapiga mkeka, mimi nakaa katikati naimba wimbo wa kaa. Mama ndiye aliyenifundisha. Lakini Mama hajui kuimba kabisa. Wimbo unakwenda huku, yeye anakwenda kule, na mimi nacheka mpaka machozi yananitoka. Na yeye anacheka, halafu anaimba vibaya zaidi makusudi. Nikisema basi, ni yeye anayechelewa kila siku. Mchungaji alikuja akamkuta ana masizi uso mzima na hakujali. Baba anasema zamani Mama alikuwa hafungui mdomo hata kanisani.

Ile kaseti ya zamani tumerekodi sauti zetu juu yake. Usikasirike, ile nyingine imeliwa na redio. Kabla ya kurekodi niliisikiliza, na humo kuna mtoto anacheka. Nikamuuliza Mama ni nani. Mama akasema ni mtoto wako, alifariki akiwa na miaka minne. Nilisikitika, nikasema tusirekodi juu yake. Mama akasema aliyekufa hachezi, akabonyeza mwenyewe.

Mama amenikataza kukuuliza mkija, kwa sababu utalia mbele ya watu. Kwa hiyo nakuuliza kwenye barua, hapo utalia peke yako. Alikuwa anaumwa nini? Ulikuwa unampenda?

Pole sana, Mama mdogo. Mkija nitakuimbia, na ukitaka utakaa na sisi mkekani.

Mimi,
Fetu, mtoto wa Simeona na Sepola


Nauru
30 Septemba 1981

Fetu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona herufi zako zinavyosimama sawasawa. Kaseti isikusumbue, sikukasirika.

Hatutakuja Desemba. Mizigo nilikuwa nimeshaifunga, mikeka na vyombo, na leo nimeifungua. Baba yako mdogo anaongeza mkataba wa miaka mitatu, na baada ya hapo tutaona. Nilikuwa nakuja kumwomba mama yako kitu mbele ya watu. Mwambie sitamwomba tena. Mwambie pia kwamba siku ile nyumbani kwetu nilicheka, na ilikuwa vibaya kucheka. Ataelewa.

Umeniuliza maswali mawili. Nilimpenda. Na hakuumwa kitu, mwanangu, alikuwa mzima kabisa. Mimi na baba yako mdogo tulipanda meli tukamwacha. Hivyo ndivyo alivyokufa.

Mama yako mdogo,
Meleane